Kolwezi haiwezi kupangwa ndani ya hoteli



Kama unataka kujua nini itajengwa kwenye kartie yako mwaka kesho, usiende kuuliza kwa chefu wa kartie. Yeye pia hajui. Pita mbele ya hoteli kubwa za mji na uangalie parkingi. Ukikuta jipu nyeupe zimepangwa mstari, banderole imefungwa juu ya mlango, na vijana wawili wenye baji shingoni wanagawa kalamu na bloknoti, ujue siku hiyo kuna watu wanapanga maisha yako. Wewe hukuitwa. Sisi pia mara nyingi hatuitwi, ao tunaitwa dakika ya mwisho, juu karatasi ya mradi inadai vijana waonekane kwenye picha.

Leo tunaandika juu ya jambo hili moja: mikutano ya kupanga mji. Wengine watasema ni jambo dogo, kwamba tuko na shida ya maji, ya umeme, ya usalama. Ni kweli tuko nazo. Lakini maji, umeme na usalama vyote vinapitia kwanza kwenye meza fulani, ndani ya chumba fulani, mbele ya watu fulani. Tunataka kujua meza hiyo iko wapi na nani amekaa.

Tangu mwaka 2015, wakati Katanga ya zamani ilikatwa vipande vinne na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba, mji wetu umebadilika. Zamani kila mkutano mkubwa ulikuwa wa Lubumbashi, kilometa 300 hivi kutoka hapa, na mtu wa Kolwezi aliusikia kwenye radio. Leo gavana yuko hapa, Bunge la jimbo liko hapa, kampuni za migodi ziko hapa, na mashirika ya msaada yamefungua ofisi. Mwezi wa 9 mwaka 2018 Kolwezi ilipokea konferansi ya migodi ya nchi nzima, miezi michache tu baada ya sheria mpya ya migodi kutoka. Lubumbashi imebaki na ile yake kubwa ya kila mwaka mwezi wa 6, DRC Mining Week, lakini kwa mikutano ya kati na ile midogo sisi hatuoni tena haya mbele ya mtu. Atelye juu ya kobalti, atelye juu ya watoto kwenye machimbo, atelye juu ya vumbi, atelye ya kutayarisha atelye. (Hii ya mwisho si mchezo. Iko, na iko na perdieme yake.)

Hatuchukii mikutano. Mji wa ukubwa wa kati kama wetu unaweza hata kuishi nayo. Mkutano wa siku tatu unalisha watu: mama anayepika bukari na samaki kwa watu mia, fundi wa sono, mwenye mashine ya fotokopi, dereva wa taksi, kijana anayekodisha viti na mahema. Unatulisha pia sisi wenye diplome. Mwenzetu aliyesoma sheria anasimama kwenye mlango kupokea wageni. Yule aliyesoma uchumi anazungusha mikrofone. Yule wa sosiolojia anaandika raporo ambayo jina lake halitaonekana ndani. Ni kazi ya siku tatu, kisha tunarudi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya wazazi. Tukisema namna mikutano hii inavyoendeshwa, hatusemi kwa kusikia. Zile karatasi tumezishika mkononi.

Acha tueleze kwa yule ambaye hajawahi kuingia.

Mwaliko unasema saa tatu ya asubuhi. Watu wanafika. Kitu cha kwanza unachopewa, hata kabla ya maji, ni liste ya mahudhurio: jina, kazi, shirika, namba ya simu, saini. Hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote za siku hiyo, tutarudi kwake. Mkubwa wa kufungua mkutano anafika saa tano, ao anatuma mtu. Hotuba ya mratibu, hotuba ya mshirika aliyeleta pesa, hotuba ya kufungua. Halafu picha ya familia mbele ya banderole. Halafu kahawa. Baada ya kahawa, nusu ya wale waliozungumza wamekwisha kwenda, juu wako na mkutano mwingine kwenye hoteli nyingine. Mtaalamu anawasha projektere. Siku moja tulisoma kwenye ukuta, kwa herufi kubwa, jina la mji mwingine kabisa: mtaalamu alisahau kulibadilisha kabla ya kupanda ndege. Watu walicheka kidogo, akaomba radhi, na mpango ukaendelea. Lakini fikiri vizuri ile inasema nini. Kama mpango wa mji mwingine unaingia Kolwezi bila kushona upya, basi Kolwezi ilikuwa wapi ndani yake?

Mchana watu wanagawanywa kwa vikundi. Hapo njo kazi yenyewe ingefanyika, na hapo njo saa inakwisha. Kikundi cha watu kumi na wawili kinapewa dakika 45 kutaja mambo ya kwanza ya komine nzima: mifereji, masomo, santé, soko, barabara, watoto. Anayejua Kifaransa kizuri anashika kalamu, na mwenye kushika kalamu njo anaamua. Kisha wote wanarudi ukumbini, kila kikundi kinasoma haraka haraka, macho ya watu yako kwenye meza ya nyuma ambako mhasibu amefungua bahasha zake. Mwisho kuna tablo yenye safu tatu: kazi, mhusika, muda. Kwenye safu ya kazi utakuta kuhamasisha, kuimarisha, kutetea. Kwenye safu ya mhusika utakuta "Serikali ya jimbo, shirika la raia na washirika". Kwa Kiswahili chetu maana yake ni hakuna mtu. Kwenye safu ya muda wameandika "haraka".

Raporo inatumwa kwa aliyelipa. Mama wa pale soko, ambaye mfereji mbele ya meza yake ulitajwa kwenye kikundi cha pili, hataiona hata siku moja.

Kuhusu perdieme tunataka kusema jambo la haki, juu hapa watu wanapenda kurusha mawe bila kufikiri. Mama anayefunga meza yake ya biashara siku nzima ili aje kusema shida ya kartie, kumrudishia transporti na hasara yake si wizi. Ni heshima. Shida inaanza pale pesa ile inachagua nani atakuja. Tufanye hesabu ya mfano tu: watu 60, siku 3, dola 20 kwa mtu kwa siku. Ni dola 3,600 zinazotoka kwa mkono, bila kuhesabu ukumbi, chakula na ndege ya mtaalamu. Mwenye kuandika liste ya watu 60 anashika mlango wa dola 3,600. Ataandika nani? Rafiki, shemeji, mwanachama, na yule asiyeuliza maswali. Njo maana kwenye mji wenye watu mamia ya maelfu, sura za kwenye atelye ni zile zile. Leo wanawakilisha wanawake, kesho mazingira, kesho kutwa wachimbaji wa mikono, wakati hawajawahi kushika koleo.

Sasa, kwa nini tunajisumbua na haya yote? Juu ya pesa ya chini ya miguu yetu.

Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, ile iliyobadilisha sheria ya migodi ya 2002, iliweka mambo ambayo kila mkaaji wa Kolwezi angepaswa kuyajua kama anavyojua njia ya kwenda soko. Kampuni inayochimba inalipa redevansi. Kwa shaba ni 3.5%. Kwa kobalti, tangu Serikali iite kobalti madini ya pekee mwishoni mwa 2018, ni 10%. Chukua dola 100 za redevansi: 50 zinakwenda Kinshasa, 25 zinabaki kwa jimbo, 15 ni za komine, sekta ao chefferie ambamo mgodi uko, na 10 zinakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kutenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji wanaozunguka mgodi. Inaonekana kidogo. Lakini kwa kila dola milioni moja ya mauzo, ni dola 3,000. Kampuni ikiuza kwa bilioni moja, ni milioni tatu. Na kitu cha tatu ni kaye de sharje, ni kusema karatasi ya ahadi ambayo kampuni inatia saini pamoja na wenyeji: masomo haya, kisima hiki, barabara hii, tarehe hii.

Tazama vizuri. Ile 15%, ile 0.3% na ile kaye, zote tatu zinapitia mkutanoni. Hakuna pesa kati ya hizo inayoweza kutumiwa vizuri bila watu kukaa na kusema wanataka nini. Sheria inadai wenyeji wahusishwe. Lakini haisemi wahusishwe kwenye kiti gani, saa ngapi. Na ndani ya nafasi ile ndogo njo wajanja wameingia na hema yao.

Hapa tunarudi kwenye liste ya mahudhurio. Tuseme mama mmoja wa Kapata ameitwa kwenye mkutano. Anafika, anatia saini ili apate transporti, anakaa, anasikiliza saa nne za Kifaransa, anakula, anarudi nyumbani. Miezi sita baadaye kampuni ao ofisi inaulizwa: je, wenyeji walishauriwa? Wanatoa liste. Saini ya mama iko pale, namba yake ya simu iko pale. Karatasi ambayo kwake ilikuwa ya transporti, kwao imekuwa karatasi ya kukubali. Hakusema ndiyo. Hakuna aliyemuuliza ndiyo. Lakini ndiyo yake iko kwenye klaseri, na picha ya familia iko nyuma yake.

Hapa Kolwezi tunajua uzito wa uamuzi unaochukuliwa juu ya kartie. Kasulo iko hapa kati yetu. Tangu 2014 watu walianza kuchimba kobalti ndani ya parsele zao, chini ya vyumba vyao vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ikaondolewa wakaaji wake, ikazungushiwa ukuta, uchimbaji ukapangwa upya ndani. Hatutafungua kesi ya Kasulo hapa, ni ndefu. Tunasema tu hivi: uamuzi wa namna ile unagusa kitanda cha mtu, kaburi la mzazi wake, masomo ya mtoto wake. Mkutano wa uamuzi kama ule hauwezi kufanana na siku ya kahawa na bloknoti.

Lugha. Katiba yetu, kwenye ibara ya 1, inasema Kifaransa ni lugha ya ofisi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuzikuza. Kolwezi watu wanauza kwa Kiswahili, wanasali kwa Kiswahili, wanagombana na kupatana kwa Kiswahili. Wakiingia kwenye ukumbi wa kupanga mji, Kiswahili kinaachwa mlangoni pamoja na mwavuli. Mara nyingine kuna mtu wa kutafsiri: mtaalamu anasema dakika ishirini, mtafsiri anasema sentensi mbili, halafu wanauliza kama kuna swali. Wanatuambia eti maneno ya migodi hayasemeki kwa Kiswahili. Redevansi tumekwisha kuieleza hapa juu kwa mistari michache, na hatuna projektere.

Na mahali. Hoteli iko na mlinzi, na mlinzi anauliza mwaliko. Mtu wa Musonoi mwenye viatu vya vumbi anaanza kujiona mgeni kabla hajafika kwenye ngazi. Wakati huohuo mji huu uko na kumbi za paroise, uko na madarasa yanayobaki matupu siku ya mposo alasiri, uko na viwanja. Sisi tukitaka kukutana mahali pa wazi kuzungumza mambo haya haya, ibara ya 25 inatupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na ibara ya 26 inatudai tu kuarifu mamlaka kwa barua. Tunaandika barua. Tunabaki na kopi yenye kachet. Na bado siku ya mkutano wanaume wenye virungu wanafika kabla yetu. Siku ya mkutano wa hoteli wanaume wale wale wanafika pia, lakini kule wanasaidia jipu kurudi nyuma.

Kuna anayesema watu wa Congo hawapendi mikutano, wanapenda perdieme. Huyo hajui historia ya nchi yake. Tarehe 7 mwezi wa 8 mwaka 1991 Konferansi Kuu ya Taifa ilifunguliwa Kinshasa, wajumbe zaidi ya 2,800, na ilisikika moja kwa moja kwenye radio. Wazazi wetu wanatueleza walivyokaa wengi kwenye radio moja, wakisikia kwa mara ya kwanza watu wakimwambia Mobutu mambo mbele ya nchi nzima. Mwezi wa kwanza 1992 waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond, naye mtoto wa Lualaba yetu, akaufunga mkutano ule. Tarehe 16 mwezi wa 2 wakristo wa Kinshasa wakashuka barabarani kudai ufunguliwe. Wanajeshi walipiga risasi, watu wengi wakafa. Wenzetu wale hawakufa kwa kudai mkate wala mshahara. Walidai mkutano uendelee. Mwezi wa 4 ukafunguliwa tena. Watu wanapenda mkutano, sana hata, kama wanausikia na kama ni wao.

Kuna upande mwingine pia, hatutauficha. Mwezi wa kwanza 2008 Goma ilipokea konferansi ya amani ya Kivu zote mbili, kuanzia tarehe 6 hadi 23, watu zaidi ya 1,000, na padri Malu Malu mbele yake. Mji wa ukubwa wa kati ulijaa mpaka pembeni. Siku ya mwisho makundi yenye silaha yakatia saini. Ilikuwa karatasi nzuri, kila mmoja alipiga makofi. Mwezi wa 8 vita ikarudi, na mwisho wa mwezi wa 10 wapiganaji wa CNDP walikuwa karibu na milango ya mji ule ule uliowapikia. Watu wa Goma hawajasahau. Hatusemi konferansi njo ilileta vita. Lakini ukumbi ukijaa, hotuba zikienda vizuri, bado hujajua kama jambo limefanyika.

Kati ya hizo mbili kuna mfano mdogo ambao sisi tunaupenda zaidi, juu hauna watu wakubwa ndani. Kwenye Sud-Kivu, kuanzia miaka ya 2010, komine za Bukavu, ni kusema Ibanda, Kadutu na Bagira, zilijaribu kupanga sehemu ya bajeti pamoja na wakaaji. Benki ya Dunia ilisaidia. Watu waliitwa kwenye mikutano kwa ujumbe wa simu, wakachagua kazi za kwanza, na matokeo pia yakapita kwenye simu. Haikuwa paradiso, Bukavu bado iko na shida zake. Lakini tazama ilichobadilisha: mwaliko haukuwa tena kitu cha mtu mmoja mwenye liste mfukoni. Na mtu wa Kadutu aliweza kutembea mpaka kwenye kisima kilichoahidiwa na kuangalia kama kiko ao hakiko.

Kolwezi iko na komine mbili tu, Dilala na Manika. Mwezi wa 12 mwaka 2023, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu sisi vijana, tulichagua washauri wa komine. Basi mikutano ya kupanga komine ifanyike mbele yao na mbele yetu. Ukitaka kuleta mtaalamu, mlete pale. Ukitaka kuleta kahawa, ilete pale pia, tutakunywa wote.

Tunalomba kwa wenye mamlaka ya mji na ya jimbo, kwa kampuni, kwa mashirika, mambo haya. Kila mkutano unaohusu mpango ao pesa ya kartie utangazwe siku 14 mbele, kwenye radio na kwenye ukuta wa ofisi ya kartie: siku, mahali, nani analipa, ni kiasi gani, na karatasi gani itajadiliwa. Karatasi hiyo iwe kwa Kiswahili. Wajumbe wachaguliwe na kartie zao, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, na aliyekwenda mara hii asiende mara ijayo. Transporti iwe sawa kwa wote na iandikwe wazi. Ndani ya siku 30, walioandaa warudi kwenye kartie, wasimame, waseme nini kiliamuliwa na jina la mtu atakayefanya. Jina la mtu, sio "washirika". Na juu ya kila liste ya mahudhurio iandikwe kwa herufi kubwa: kuhudhuria si kukubali.

Kuna watakaosema siku 14 ni nyingi, kwamba pesa ya mradi inakwisha mwezi wa 12 na lazima itumiwe. Hiyo ni kalenda ya mradi. Mfereji wa Kanina hauna kalenda ile, unajaa mvua ikinyesha.

Kwako wewe unayesoma, hatukuombi ukatae mwaliko. Ukiitwa, enda. Kula, juu chakula kimekwisha kulipwa. Lakini kabla ya kutia saini soma kichwa cha karatasi. Kama hakuna maneno yale, yaandike wewe mwenyewe pembeni ya jina lako, kwa kalamu yao: nimehudhuria, sijakubali bado. Piga picha ya ukurasa ule kwa simu yako. Ulomba kopi ya tablo ya mwisho. Wakisema itatumwa kwa imeli, waambie unangoja, uko na muda. Sisi wenye diplome bila kazi, muda njo kitu tuko nacho.

Na kama uko na raporo ya atelye yoyote iliyohusu kartie yako, hata ya 2018, hata imelowa maji, tuletee. Tumekwisha kugawana kazi: wawili wanatafsiri kwa Kiswahili, mmoja anaandika kwa mkono kwa herufi kubwa, wengine wanatafuta gundi. Tutaanza kuzibandika kwenye ukuta wa soko, na pembeni ya kila ahadi tutaacha nafasi nyeupe ili anayepita aandike kama ameiona ao hajaiona.